Kubandika sponji ya kikaragosi ili mshono usionekane

Kila ninapomsaidia mtu kutengeneza kichwa cha kikaragosi hapa Bukavu, kazi hukwama palepale: kwenye kole, yaani gundi. Sponji imekatwa vizuri, lakini mshono unaachia, au unabaki mstari mgumu wa kahawia katikati ya uso. Mtoto anayetazama haoni tena babu wala sungura, anaona viraka.

Tafuta sponji ya godoro yenye unene wa sentimita 1 hadi 1.5 na kole ya viatu, ile ya manjano ambayo mafundi viatu wa Kadutu, hapa hapa mjini, wanaitumia kubandika soli. Gundi ya bunduki ya moto siitaki kabisa kwa kazi hii: inaacha uvimbe mgumu ndani ya kiungo, na kikaragosi kikifungua mdomo uvimbe unajitokeza. Gundi ya matone (super glue) inakakamaza sponji hadi inapasuka ikikunjwa. Gundi nyeupe ya mbao ni ya maji. Sponji inainywa na kukauka kwake ni shida. Na kole ya viatu usiipake kwenye ile povu nyeupe inayokuja na televisheni ndani ya boksi, inaiyeyusha.

Mvuke wa kole unashika moto upesi. Fungua dirisha, toa mbabula (jiko la makaa) nje, na umeme ukikatika tumia taa ya simu, si mshumaa.

Hatua ya 1: Kata. Wembe mpya, umesimama wima, mikato mirefu. Makasi yanaibana sponji na ukingo unatoka umebonyea. Kabla ya kutenganisha vipande, chora vistari vya kalamu vinavyovuka mahali vitakapokutana.

Hatua ya 2: Paka kingo zote mbili. Tumia kipande cha kartoni, tabaka jembamba, ukivuta kutoka upande wa nje wa uso kuelekea ndani, ili kole ikizidi iangukie mahali pasipoonekana. Sponji ina matundu na hunywa kole. Ikikauka bila kung'aa, ongeza tabaka la pili.

Hatua ya 3: Subiri. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa sababu watu wanaiona kole ikiwa mbichi na kudhani ndipo inaposhika. Kole hii haishiki ikiwa mbichi. Kinachoshika ni tabaka mbili zilizokwisha kukauka zikikutana. Siku yenye jua, dakika 5 hadi 10 zinatosha. Wakati wa mvua, na hapa kwetu mvua ni kuanzia Septemba hadi Mei, inaweza kuchukua 20 au zaidi. Usiamini saa, amini kidole: gusa kwa mgongo wa kidole. Ikivuta nyuzi, bado. Ikinata kidogo tu bila kubaki kwenye ngozi, tayari.

Mvua ina hila nyingine. Kole inapokauka hupoza ukingo, na unyevu wa hewa unatua juu yake. Ukiona utando wenye weupe kama pumzi kwenye kioo, usiunganishe hata kama kidole kinasema tayari, maana mshono huo utaachia. Hamia chumba kikavu, acha unyevu uishe, kisha paka tabaka jipya jembamba. Usianike vipande juani ili kuharakisha: juu kunafanya ngozi na chini kunabaki kubichi. Na ukisahau vipande hadi kole ikaacha kunata kabisa, paka upya.

Muda huo wote, kingo zisigusane. Zikigusana zimeshikana.

Hatua ya 4: Unganisha. Linganisha vistari vyako, anza kwenye ncha moja ya mshono kisha panda taratibu, ukifinya sentimita moja moja. Usivute upande mmoja ili ufikie mwenzake, uso utapinda. Ukimaliza, rudia kuufinya mshono wote kwa nguvu. Kinachohitajika ni mkandamizo, hakuna haja ya kufunga kamba usiku kucha.

Mahali palipoinuka, punguza kwa ncha ya makasi. Kitambaa kivishwe kesho yake, kole ikiwa imekomaa na harufu imepungua.

Kabla ya kufunga mkebe, futa kole kwenye mdomo wake. Ikikaukia hapo, kifuniko hakitabana na kole iliyobaki itakuwa nzito isiyopakika.