Namna ya Kuiacha Riwaya Njiani Bila Kujisuta

Riwaya iliyonifundisha kuacha ilikuwa na kurasa 612. Nilifika ukurasa wa 143, nikatia kipande cha bahasha, nikazima taa. Miezi minane baadaye kipande kilikuwa palepale, na katika miezi hiyo sikuwa nimesoma kitabu kingine hata kimoja, maana nilikuwa nimejiapiza: bila kuimaliza hii, sigusi nyingine. Nikawa kila usiku naitazama, nachukua simu, nalala. Tuliambiwa tangu utotoni kuwa mvumilivu hula mbivu, lakini hakuna aliyetuambia la kufanya na tunda lisiloiva.

Tangu hapo nimeacha riwaya nyingi, na kuacha nako kuna namna yake.

Kabla hujakilaumu kitabu, jikague mwenyewe. Mimi ni mhasibu, na mwisho wa mwezi kichwa changu hakipokei kitu. Riwaya yenye wahusika kumi na wawili, ukiisoma kurasa mbilimbili huku macho yanafumba, itakuchosha hata iwe tamu vipi. Kila usiku unaanza upya: huyu ni nani tena, mke wa yule au dada yake? Basi ipe nafasi moja ya haki. Kaa nayo mchana, dakika arobaini, simu iwe chumba kingine. Ikikushika, tatizo lilikuwa usingizi. Isipokushika, ndipo tuendelee.

Watu wengi hupima kwa uchovu. Mimi napima kwa swali. Funga kitabu, kidole kikiwa ndani, useme kwa sauti: mhusika mkuu anataka nini, na mimi nataka apate au akose? Nilipojiuliza hivyo pale ukurasa wa 143, nusu ya kwanza nilijibu upesi: anataka kurudishiwa shamba la baba yake. Nusu ya pili nikakwama. Akilipata sawa, akilikosa sawa. Hapo ndipo nilipojua. Angalia lakini, kumchukia mhusika si sababu ya kuacha. Nimewahi kumaliza riwaya usiku mmoja kwa hamu tu ya kumwona mtu fulani akiumbuka. Kinachoua usomaji ni kutojali.

Usome kurasa ngapi kabla ya kuamua? Nancy Pearl, mkutubi wa Marekani, ana kanuni inayojulikana sana: kama umri wako ni miaka 50 au chini, kipe kitabu kurasa 50, ukizidi hapo, toa umri wako kwenye 100, jibu ndilo idadi ya kurasa unazodaiwa. Mwenye miaka 70 anadaiwa 30 tu. Hesabu hiyo naipenda, ila nairekebisha kidogo, kwa sababu kurasa 50 ni theluthi ya riwaya ya kurasa 150, na ni ukumbi tu wa riwaya ya 600. Nyembamba naipa sura mbili, nene naipa sehemu ya kumi.

Halafu kuna ile sauti ya "nimeshafika mbali mno". Hiyo ndiyo iliyonishika miezi minane, nami ni mtu ambaye kazini ningeitambua mara moja. Mwaka 1985 watafiti wawili, Arkes na Blumer, waliandika kuhusu watu walionunua tiketi za msimu mzima wa tamthilia. Baadhi yao walipunguziwa bei bila kutarajia, wengine wakalipa kamili. Michezo ilikuwa ileile, lakini katika nusu ya kwanza ya msimu waliolipa bei kamili ndio waliohudhuria zaidi. Fedha iliyokwisha kutoka ilikuwa bado inawaburuta. Maji yakimwagika hayazoleki. Tunapoamua kama mradi uendelee, tunatazama kitakachotoka na kitakachoingia, basi. Kwa hiyo kurasa 143 zilikuwa zimekwenda. Swali lilikuwa zile 469 zilizobaki. Kwa mwendo wangu wa kurasa kama 30 kwa saa, ni karibu saa 16. Ningezitoa saa 16 kwa ajili ya lile shamba? Hata kidogo.

Kabla ya kubwaga manyanga, ruka. Daniel Pennac, mwandishi Mfaransa aliyeorodhesha haki kumi za msomaji mwaka 1992, aliiweka haki ya kuruka kurasa ya pili na haki ya kutomaliza ya tatu, na mpangilio huo ni mzuri hata kama hakuukusudia hivyo. Ruka sura nzima, soma kurasa kumi mbele. Bado baridi? Nenda mwisho. Najua wapo wanaoona kusoma mwisho kwanza ni dhambi kubwa, ila wewe unaondoka, utaharibiwa uhondo gani? Mimi nilisoma sura ya mwisho nimesimama. Shamba alilipata. Nikarudisha kitabu rafuni.

Sasa usiondoke kimyakimya. Kwenye kipande cha karatasi andika ukurasa ulioishia, mwezi, na sababu, kisha kiache ndani ya jalada. "Inachosha" si sababu. Andika kama fundi anayeeleza kilichoharibika: "Kurasa nne za mandhari kabla mtu hajafungua mdomo." "Kila mtu anaongea kama mwandishi." Vikifika vipande kumi, vitandaze mezani uvisome pamoja. Mimi vilikuwa kumi na kimoja, na vinane vililalamikia jambo moja: msimulizi anayejua yaliyomo moyoni mwa kila mtu. Kilichonishangaza ni kwamba jambo hilohilo ndilo nililolipenda nikiwa kijana. Na za upelelezi, ambazo nilikuwa nazimeza tatu kwa mwezi, siku hizi maiti ya pili ikitokea naanza kupiga miayo. Najiuliza nani atasafisha kile chumba, na familia itaambiwaje. Ladha ilikuwa imehama nyumba, mimi nikaendelea kubisha hodi kwenye ile ya zamani.

Ukishajua imehamia wapi, ifuate polepole. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Mimi nilibaki na fumbo lakini nikachagua riwaya fupi, zinazosimuliwa kwa "mimi". Baadaye nikaingia kwenye barua na kumbukumbu za maisha. Azima kabla ya kununua. Na unapoonja kitabu usionje ukurasa wa kwanza, maana huo mwandishi ameusugua mpaka unang'aa. Fungua katikati, tafuta mahali watu wawili wanazungumza.

Vitabu vya mfululizo havina masharti zaidi. Toka baada ya chochote.

Kigumu ni kitabu cha zawadi. Aliyekupa atauliza, "Umefika wapi?" Usidanganye, na usiseme kibaya. Taja mahali hasa: "Niliishia pale baba anapouza ng'ombe wa mwisho." Kisha muulize yeye alipenda nini, usikilize. Rafiki aliyenipa ile ya kurasa 612 hakukasirika. Alisema hata yeye ilimchosha, hadi kwenye ukurasa wa 300 hivi, ambako msimulizi anabadilika na dada mtu anaanza kuhadithia mwenyewe, kwa "mimi".

Nilikuwa nimeruka palepale. Kile kipande cha bahasha nimekihamishia ukurasa wa 300.