Hendibreki ya pikapu haishiki? Anza na diramu, waya uache mwisho

Hendibreki ya pikapu ikianza kulegea karibu kila mtu anakimbilia kukaza waya, na hapo ndo tatizo linafichwa. Mara nyingi waya hauna kosa. Kosa liko ndani ya diramu za nyuma, yale mabakuli ya chuma nyuma ya tairi ambamo breki hukaa, na ukikaza waya kabla ya kuangalia huko, ule mkono wa ndani ya diramu unaovutwa na waya unabaki umevutwa nusu muda wote, ajasta (kale kachuma kanakosogeza shuu karibu na diramu) haifanyi kazi yake tena, shuu (vile vipande vinavyobana diramu kwa ndani) zinasugua huku unatembea, na baada ya wiki mbili uko palepale.

Nalisema hili kwa uchungu. Hilux yetu ya zamani, ya diseli, ilishakazwa waya mara tatu na fundi yuleyule. Siku moja tuko Lushoto tumepakia viazi, gari imesimama kwenye mteremko, hendibreki imevutwa mpaka juu kabisa, nikaona tairi la nyuma linatambaa. Taratibu tu, kokoto zinalia chini yake. Kijana wa kupakia akawahi kusukumia jiwe. Nyuma ya gari alikuwa anapita mama na mtoto mgongoni.

Sasa tuanze. Vuta hendibreki polepole uhesabu meno, ile tik tik. Idadi sahihi iko kwenye kitabu cha gari yako, ila ukiipita idadi hiyo ndo inaanza kushika ujue kuna kitu. Halafu kanyaga pedeli ya breki: ikizama chini sana na ukipampu mara mbili inapanda, shuu ziko mbali na diramu, zinataka kuajastiwa au zimeisha. Pedeli ikiwa juu na ngumu vizuri lakini hendibreki haishiki, shuku waya au zile bawaba zake.

Kabla ya kuingia chini tafuta sehemu tambarare, tairi za mbele ziwekee kabari mbele na nyuma, piga jeki kwenye difu, lile duara la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, kisha weka stendi pande zote mbili. Jeki peke yake usiiamini hata kama ni dakika tano tu, nakuomba. Gia iwe nyutro, four (ile ya kuvuta tairi zote nne) itolewe, hendibreki ishushwe.

Mwambie mtu avute na kuachia hendibreki we ukiwa chini unaangalia. Waya wa mbele unavuta kale kachuma kanakogawa nguvu kwenda kushoto na kulia, pande zote mbili zinatakiwa kusogea na zikiachiwa zirudi zenyewe. Upande usiorudi ndo mgonjwa: waya umeshika kutu ndani ya ganda lake, na huo ni wa kubadilisha, oili ya kumwagia itakupa siku chache tu. Kwenye Hilux za zamani za four angalia pia kale kachuma kanakopinda mvuto, kako nje nyuma ya diramu karibu na tairi. Kanakula matope na maji mpaka kanaganda kabisa, na kwa kuwa kwenye gari hizo ajasta inasogezwa na hendibreki hiyohiyo, kakiganda hako na shuu haziajastiki tena. Kafungue, kasafishe kwa brashi ya waya, pakaa grisi, ukarudishe. Kwetu upande wa kushoto kalikuwa hakasogei hata kwa nyundo.

Fungua tairi utoe diramu. Ikigoma, kuna matundu mawili yenye nyuzi usoni mwake, funga boliti mbili za milimita 8 uzikaze kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, shuu nyingine hasa za zamani zina asbesto, lowesha kwa maji ya sabuni ufute na kitambaa.

Hapo angalia unene wa lainingi, ile ngozi ya breki iliyobandikwa kwenye shuu, ikibaki milimita 1 imekwisha, na ukibadilisha badilisha shuu za pande zote mbili za nyuma. Diramu nayo ina namba ya kipenyo cha mwisho imegongwa juu yake, ikizidi hapo hata shuu mpya hazitakusaidia. Kisha pitisha kidole. Mimi nilipopitisha kilitoka cheusi, kinanata, kinanuka ile harufu kali ya oili ya difu, lainingi imelowa kabisa. Shuu ya namna hiyo usihangaike kuichoma wala kuipiga msasa, tupa. Ila kwanza tibu chanzo: oili nzito yenye harufu ni sili ya ekseli, maji mepesi ya breki ni wili silinda, kile kisilinda kinachosukuma shuu. Na sili ikivuja angalia kile kibomba cha kupumulia juu ya difu, kikiziba kwa matope difu ikipata moto inasukuma oili nje na sili mpya itavuja tena.

Ukisharudisha kila kitu, zungusha ile nyota ya ajasta kwa bisibisi kupitia tundu la nyuma lenye kifuniko cha mpira mpaka tairi ligome, halafu sukuma ulimi wake kwa bisibisi ya pili urudishe meno kadhaa mpaka lizunguke huru. Fanya pande zote mbili sawa.

Sasa ndo unagusa waya. Kaza nati ya waya mpaka meno yafike idadi ya kitabu, shusha hendibreki, zungusha tairi kwa mkono. Likisugua umezidisha, legeza.

Jaribu kwenye mlima usio na watu, mguu ukiwa karibu na pedeli, uelekeo wa kupanda kisha wa kushuka. Tembea kilomita 5 hivi, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Upande mmoja ukiwa na joto sana kuliko mwingine rudi kwenye ajasta ya upande huo. Na mpaka hapo gari isipakiwe mzigo, ukisimama weka gia na kabari.