Uso Ukivimba Ukiwa Unatumia Dawa ya Presha: Hatua za Kuchukua

Hatua ya kwanza ni kuangalia ulimi na kusikiliza sauti, kabla hata ya kutafuta chanzo. Ulimi ukiwa umevimba, sauti ikiwa imebadilika, mate yakiwa hayamezeki au pumzi ikiwa inakoroma, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, akiwa ameketi wima, bila kupewa chakula wala kinywaji. Uvimbe ukiwa wa midomo au kope peke yake, bado aonwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa unaweza kushuka kooni ndani ya saa chache.

Hatua ya pili, soma jina la dawa kwenye boksi. Majina yanayoishia na "pril", kama enalapril, lisinopril na captopril, ndiyo ninayoyashuku kwanza. Dawa hizi huzuia kimeng'enya ambacho kazi yake nyingine ni kuvunja kemikali ya mwili iitwayo bradikinini. Kemikali hiyo ikirundikana, mishipa midogo huvujisha maji, na ngozi laini ya usoni hufura bila kuwasha na bila vipele. Watu wenye asili ya Afrika hupatwa na uvimbe huu zaidi kuliko wengine.

Muda mrefu wa kutumia dawa usikudanganye. Mama mmoja niliyemhudumia alikuwa ameimeza kwa miaka minne bila shida. Asubuhi moja aliamka mdomo wa chini umefura upande mmoja, akadhani ameumwa na mdudu, akameza dozi yake kama kawaida. Alipofika kwangu mchana, maneno yalimtoka kwa uzito, kama mtu anayezungumza na tonge mdomoni.

Hatua ya tatu, usimeze dozi inayofuata, lakini usikae bila tiba ya presha: mwombe daktari akubadilishie dawa. Amlodipine, kwa mfano, ikivimbisha huwa ni vifundo vya miguu zaidi kuliko uso, na losartan husababisha uvimbe wa uso mara chache zaidi, ingawa aliyewahi kuvimba huianza chini ya uangalizi.

Hatua ya nne, mweleze anayekuhudumia jina la dawa na saa ulipoimeza mara ya mwisho. Vidonge vya mzio hupambana na histamini, kemikali ya mwili inayoleta mzio, si bradikinini, hivyo mara nyingi havisaidii hapa, na kuvimeza nyumbani ukisubiri nafuu ni kupoteza muda ambao koo linauhitaji. Vipele na mwasho vikiwepo, vitaje pia, maana huenda huo ni mzio halisi, nao una tiba yake ya haraka.

Uvimbe huisha kwa kawaida ndani ya siku moja hadi tatu, na hapo ndipo wengi hurudia dawa ile ile. Naomba usifanye hivyo. Andikisha kwenye kadi yako ya kliniki kwamba hutumii tena dawa yoyote ya kundi hilo la "pril" maisha yako yote, na ukivimba upya katika wiki chache baada ya kuiacha, rudi hospitali vilevile.