Kabla hujairudisha hedi ya Morris Minor

Ukichomoa dipstiki ukakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, au rediata inatoa mapovu injini ikiwaka, mara nyingi gasketi ya hedi, ile bapa nyembamba inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wa injini wenye silinda), imeshaungua. Wengi wetu hapa Unguja tukifika hapo hukimbilia duka la spea. Mimi pia nilikimbilia. Morris Minor yangu, gari la zamani la Kiingereza, ilikuwa imeahidiwa kumbeba bibi harusi Jumamosi, nikafunga hedi usiku wa Alhamisi kwa mwanga wa simu, na kabla hatujafika Bububu moshi mweupe ukawa unafuka kwenye ekzosi. Bibi harusi akamalizia safari kwa Noah. Gasketi ilikuwa mpya kabisa na haikuwa na lawama. Lawama ni za kwangu, kwa yale niliyoyaruka kabla ya kuiweka.

La kwanza nililoliruka ni kujiuliza imeungua kwa nini. Mara nyingi sababu ni gari kuchemsha, na hapa kwetu gari huchemsha kwa maji tunayoyatia. Visima vyetu vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, maji yake yana chokaa, na ukikaribia pwani yana chumvi juu yake. Miaka arobaini ya maji hayo huacha ukoko ndani ya rediata na tope zito nyuma ya bloku, upande wa silinda ya nne, pale ambapo maji hayazunguki vizuri. Fungua koki ya kumwagia maji ubavuni mwa bloku. Isipotoka kitu, usidhani bloku ni kavu: chokoa kwa waya mpaka tope litoke na maji yafuate. Themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, itie kwenye sufuria ya maji jikoni uitazame. Maji yakichemka nayo bado imefumba, itupe. Maji ya kurudishia mimi nakinga ya mvua wakati wa masika, nachanganya na kulanti, dawa ya rediata.

Spana nazo zitafute mapema. Masanduku ya mafundi wetu yamejaa spana za milimita kwa ajili ya Toyota, lakini nati za hedi ya Morris ni za inchi, 9/16. Namba 14 haiingii, namba 15 inacheza na itazila pembe. Azima pia spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Anayekwambia mkono wake unajua, mwache afunge gari lake.

Gasketi ukishaipata usiiamini kwa maandishi ya boksi. Magari haya yamebadilishwa injini mara nyingi, na kadi ya gari haikwambii kilichomo ndani. Injini ya 948 cc ina silinda za kipenyo cha 62.9 mm, ya 1098 cc ni 64.6 mm. Ilaze gasketi kavu juu ya bloku, uzungushe kidole kwenye kila tundu. Ukingo wake ukichungulia ndani ya silinda utapata moto na utaungua tena. Itazame na maandishi yake, TOP iwe juu na FRONT iwe upande wa feni, kwa sababu ukiigeuza unaweza kuziba njia za maji.

Nyuso mbili, ya hedi na ya bloku, ndizo zitakazokula siku yako nzima, na ziachie siku hiyo. Ziba silinda kwa vitambaa. Mabaki ya gasketi ya zamani yalowanishe kwanza ndipo uyakwangue, wala usiyapige msasa makavu: gasketi nyingi za zama zile zilikuwa na asbesto katikati ya shaba, na vumbi lake si la kuvuta. Kikwangulio kiwe bapa. Hedi na bloku zote ni chuma cha kalibu, zinavumilia, ila mkwaruzo mmoja kutoka silinda kwenda njia ya maji unatosha kukurudisha Bububu. Kisha chukua rula ya chuma ya fundi kereza, ilaze kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari, na ujaribu kupitisha chini yake geji ya tapeti, zile sahani nyembamba za kupimia nafasi. Mpaka wangu mimi ni 0.05 mm. Sahani ya 0.05 ikipita, hedi inakwenda kuchongwa uso kwa mashine.

Halafu stadi, zile bolti tisa zilizosimama kwenye bloku. Pale zinapotokea, chuma cha bloku huvutika kidogo kwa miaka ya kukazwa kikawa kama chunusi. Jicho halikioni, rula inakiona. Zichomoe, ulisawazishe tundu, usafishe uzi na utoe maji na uchafu ulio chini ya shimo. Hewa ya chumvi hapa haiachi uzi bila kutu, na uzi wenye kutu huila nguvu ya spana: spana ya torki inasoma sawa, hedi haijabanwa.

Silikoni iache dukani. Ikizidi hutoka na kuziba matundu ya maji.

Siku ya kufunga isiwe Ijumaa asubuhi, utakatizwa na sala ukiwa katikati ya nati. Hedi ishushwe na watu wawili, wima. Nati zinaanzia katikati kwenda nje, kwa raundi tatu, mimi huenda 20, 30, kisha 40 za pauni-futi, sawa na Nm 54. Baada ya hapo pima tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu, 0.30 mm injini ikiwa baridi. Washa, iache ipate moto sawasawa, izime, subiri ipoe kabisa, kisha legeza nati moja moja kidogo na kuikaza tena hadi 40. Tapeti zitakuwa zimebadilika, zipime upya. Baada ya kilomita 500 rudia kazi hiyo yote.

Shemeji kashaanza kuulizia gari kwa ajili ya Idi mosi. Nimemwambia bado kilomita 180.