Jinsi ya kumpata fundi pikipiki wa kuaminika hapa Mwanza

Pikipiki yangu ya kwanza ilikufa kwa sababu ya kumwaga oili tu, yaani kutoa ya zamani na kuweka mpya. Fundi aliikaza bolti ya chini mpaka nyuzi zikalika, wala hakuniambia. Siku ya tatu napandisha Bugando na abiria, nasikia injini inagonga. Nachungulia chini, oili imechuruzika yote barabarani. Tangu siku hiyo simkabidhi mtu pikipiki kabla sijamjaribu, na hivi ndivyo ninavyomjaribu.

Hatua ya 1: Ijue pikipiki yako kwanza. Soma kijitabu chake ujue inataka oili ya namna gani, kiasi gani na kila baada ya kilomita ngapi. Pikipiki zetu nyingi za cc 100 hadi 150 huchukua kama lita moja. Andika kilomita kwenye daftari kila unapomwaga.

Hatua ya 2: Uliza kijiweni. Ukiuliza "fundi mzuri ni nani?" kila mtu atakutajia rafiki yake. Muulize mwenye pikipiki ya siku nyingi: "Kaka, mara ya mwisho nani aliifungua hii, na ulirudi kwake kwa tatizo lile lile?" Ukiuliza vijiwe viwili vitatu, tuseme Igoma, Buzuruga na Buhongwa, jina moja likajirudia, anza na huyo.

Hatua ya 3: Nenda ukakae pale nusu saa, umtazame akihudumia wengine. Nati anazofungua anaziweka kwenye kopo au zinalala mchangani? Oili chafu anaikinga kwenye dumu au anaimwaga mtaroni? Hili la mtaro linaniuma. Mitaro mingi ya mjini inaishia Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani, kwenye maji tunayokunywa na kuvua samaki. Anayemwaga oili hapo mimi simpi kazi, hata awe hodari vipi.

Hatua ya 4: Mpe kazi ndogo, usimame karibu. Kumwaga oili kunatosha kabisa kukuonyesha mkono wa fundi. Fundi mzuri huiacha injini ipate joto kidogo ili oili itoke yote na uchafu wake. Bolti ikitoka anaipangusa na kuitazama kama imeshika vumbi la chuma. Anakagua washa, ile pete ndogo ya bolti, ikiwa imebonyea anaweka mpya. Wakati wa kurudisha anaanza kuizungusha kwa vidole mpaka igome, ndipo anachukua spana, na hapo anakaza kwa kiasi, hailalii kwa uzito wa mwili. Akishajaza anawasha, anazima, anasubiri, kisha anapima kwa kijiti au kwenye kioo kidogo cha injini.

Mwongezee kazi ya cheni. Asiikaze mahali popote tu. Anatakiwa kuzungusha gurudumu la nyuma, atafute sehemu cheni inapobana zaidi, apimie hapo. Kwa pikipiki nyingi, ukiisukuma kwa kidole katikati icheze kama sentimita 2 hadi 3, na alama za kushoto na kulia kwenye ekseli ya nyuma zilingane.

Tapeti, yaani ile nafasi ndogo ya vali, ni mtihani mwingine. Hupimwa injini ikiwa ya baridi. Kama umetoka Usagara sasa hivi, injini inaunguza, naye anakimbilia kufungua kifuniko, mwambie asante, uondoke.

Hatua ya 5: Patana bei ya ufundi peke yake na ya spea peke yake, kabla spana haijagusa kitu. Spea nenda naye dukani, au nunua mwenyewe, na zile za zamani mwombe akurudishie. Fundi mwaminifu hakasirikii ombi hilo.

Hatua ya 6: Ijaribu barabarani, kisha kesho yake asubuhi tazama chini ya injini kama kuna tone. Likiwepo, rudi kwake mkaliangalie pamoja. Anavyokupokea siku hiyo ndiyo tabia yake halisi.

Anayetaka kushusha injini kwa kila mlio, hata plagi hajaifungua, muogope.

Ukishampata, usimhame kwa sababu ya elfu moja. Na siku akisafiri, muulize yeye mwenyewe akuelekeze kwa nani, maana mafundi wanajuana.