Namna ya Kudumisha Tafakuri ya Kila Siku kwa Msaada wa Mwenza

Mwezi uliopita nilimsaidia rafiki yangu mmoja ambaye alikuwa amejaribu mara nne kujizoeza kutafakari kila siku, na mara zote nne akaacha kabla mwezi haujaisha. Yeye aliamini kwamba kasoro ilikuwa katika mbinu, kwamba huenda kuzingatia pumzi hakumfai na kwamba angepaswa kutafuta kitu kingine. Nilipomuuliza ni nani anayejua kwamba yeye hutafakari, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hakuna. Tulianzia hapo. Yafuatayo ndiyo tuliyoyafanya, pamoja na makosa yangu mwenyewe ambayo sikutaka ayarudie.

Nieleze kwanza ninachokusudia ninaposema tafakuri, kwa kuwa katika Kiswahili cha kila siku kutafakari ni kulifikiria jambo kwa kina, ilhali hapa tunafanya jambo lililo karibu na kinyume chake: mtu huketi kimya, huelekeza usikivu wake mahali pamoja, na kila anapogundua kwamba akili imetoroka, huirudisha bila kujikaripia. Mbinu yenyewe sitaifundisha. Nachukulia kwamba unayo yako, iwe umeipata katika Ubudha, katika sala ya kimya ya Kikristo au katika mafunzo yasiyo ya dini, na kwamba kinachokushinda ni kuketi tena kesho.

Hatua ya 1: Chagua muda mfupi

Dakika 10 zinatosha. Ukiona ni nyingi, anza na 5.

Hatua ya 2: Ufungamanishe na jambo unalolifanya tayari

Usiseme "asubuhi", kwa sababu asubuhi ni pana mno na ina milango mingi ya kutokea. Sema "nikishanawa uso, kabla ya kushika simu". Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa majuma 12, kila mmoja akijaribu kujizoeza jambo moja dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi katika mazingira yaleyale kila siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba ilichukua kiasi cha siku 66 kwa jambo hilo kuanza kufanyika bila kujilazimisha, lakini tofauti baina ya watu ilikuwa kubwa sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Ni kweli kwamba hawakuchunguza tafakuri, ambayo kwa maoni yangu ni ngumu kuizoea kuliko kunywa glasi ya maji, lakini jambo moja katika utafiti huo nimeliona likithibitika mara nyingi: kukosa siku moja hakukuharibu mwenendo mzima. Likumbuke hilo utakapofika hatua ya 4.

Hatua ya 3: Tafuta mtu mmoja, usitafute kundi

Wazo la kutafakari kwa kutegemeana ni la kale. Jumuiya ya watendaji, yaani sangha, ni mojawapo ya vito vitatu vya Ubudha, sambamba na Buddha mwenyewe na mafundisho yake, na katika maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya Ubudha, kuna simulizi ya Ananda, mfuasi wa karibu wa Buddha, akisema kwamba urafiki mwema ni nusu ya maisha matakatifu, naye Buddha akamrekebisha kwamba ni maisha hayo yote. S. N. Goenka, aliyeeneza kozi za siku 10 za vipassana, aina mojawapo ya tafakuri ya Kibudha, aliwahimiza wanafunzi wake kuketi asubuhi na jioni nyumbani na pia kukutana kuketi pamoja mara moja kwa juma. Mtawa Mbenediktini John Main alijenga mafundisho yake ya tafakuri ya Kikristo juu ya vikundi vidogo vya kila juma. Hata mafunzo ya majuma 8 ya tafakuri isiyo ya dini ambayo Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha mwaka 1979 katika chuo cha udaktari cha Massachusetts huendeshwa darasani, watu wakiwa pamoja, ingawa mazoezi ya kila siku kila mmoja huyafanya kwake.

Vikundi hivyo vina manufaa makubwa, nami nahudhuria kimoja. Hata hivyo, kwa kazi hii mahususi ya kufuatilia kama umeketi leo au hukuketi, kundi ni chombo kibaya. Niliwahi kuwa katika kundi la watu tisa tulioahidiana kutumiana ujumbe kila siku. Juma la kwanza sote tulituma, juma la tatu walituma wanne, na baada ya hapo kila mmoja alidhani kwamba kimya chake hakitaonekana, na kwa kweli hakikuonekana. Kwa mtu mmoja huwezi kujificha.

Mtu huyo, ambaye hapa namwita mwenza, asiwe mwenzi wako wa ndoa, kwa sababu ukumbusho wa tafakuri utachanganyika na ukumbusho wa vyombo ambavyo hukuviosha. Asiwe pia mtu unayemheshimu kupita kiasi, kwani utaona aibu kumwambia ukweli. Mbinu zenu si lazima zifanane. Kigezo changu ni cha kawaida kabisa: je, mtu huyu hurudisha anachoazima?

Hatua ya 4: Andikeni makubaliano

Nakuomba usome sehemu hii polepole hata kama inaonekana kuwa ndogo, kwa sababu ndiyo iliyonigharimu karibu mwaka mzima.

Jambo la kwanza la kukubaliana ni kile mtakachotumiana, nami nashikilia kwamba ujumbe uwe na mambo mawili pekee: kwamba umeketi, na kwa dakika ngapi. "Nimeketi. Dakika 10." Basi. Mimi na mwenza wangu wa kwanza hatukuweka mpaka huo. Tulianza na ujumbe mfupi, kisha mmoja wetu akaeleza utulivu alioupata, mwingine akajibu kwa kueleza joto alilolihisi viganjani, na baada ya majuma machache tulikuwa tukiandikiana aya nzima. Tuliona kwamba urafiki unanawiri. Ndani ya kikao, hata hivyo, nilikuwa nimeshaanza kutunga sentensi nitakazomwandikia; pumzi ilikuwa inapita na mimi nachagua vivumishi. Siku ambazo hapakuwa na la kusimulia, yaani siku nyingi, niliahirisha kuketi mpaka usiku, na hatimaye sikuketi kabisa. Hakuna aliyetuonya kwamba masimulizi mazuri huzaa mashindano hata kati ya watu wanaopendana.

La pili ni saa. Wekeni saa ya mwisho ya kutuma ujumbe, na muiandike kwa namna ambayo haiwezi kusomwa kwa njia mbili. Wasemaji wa Kiswahili tuna saa mbili kichwani, ile tunayoitamka na ile inayoonyeshwa na simu, na "saa tatu" iliyoandikwa haraka inaweza kuwa yoyote kati ya hizo. Mwenza wangu wa pili alinisubiri saa sita nzima kwa sababu hiyo. Andikeni "21:00", na kama mmoja wenu anaishi katika nchi inayosogeza saa zake mara mbili kwa mwaka, amueni mapema ni saa ya nani itakayofuatwa.

La tatu ni majibu. Usimsifu mwenza wako. Najua inasikika kama ukavu, lakini sifa za leo hufanya kimya cha kesho kionekane kuwa lawama, na mtu anayeketi ili asifiwe ataacha siku sifa zitakapopungua. "Nimepokea" inatosha, au alama yoyote ndogo mtakayoichagua.

La nne, na hapa ndipo wengi huvunjika, ni siku iliyokosekana. Sisi tuna sentensi moja isiyobadilika: "Leo sikuketi." Haifuatwi na sababu, haifuatwi na radhi, wala hakuna kulipa deni kwa kuketi mara mbili kesho yake. Nilipokuwa naruhusiwa kutoa sababu, nilijikuta nikitumia muda mwingi kutengeneza sababu nzuri kuliko ambao ningeutumia kuketi. Na pasipo sentensi hiyo iliyo tayari, kuna jambo baya zaidi: uongo. Siku moja niliketi dakika 4, nikasinzia, nikaandika 15. Hakuna aliyejua. Kesho yake niliona uzito wa ajabu kutuma ujumbe wowote, na keshokutwa nikaacha kabisa kwa majuma sita, si kwa sababu tafakuri ilinichosha bali kwa sababu kumbukumbu zetu hazikuwa za kweli tena na sikuwa na njia nyepesi ya kuzisahihisha. Kwa hiyo tukaongeza kanuni kwamba dakika zozote zinahesabika na ziandikwe zilivyo, hata 2, na kwamba kusinzia umeketi ni kuketi.

La tano ni nini kitafanyika ujumbe usipofika. Asubuhi ya pili, mwingine atume swali moja: "U mzima?" Asiulize "Umetafakari?", kwani swali hilo lina fimbo ndani yake. Siku ya tatu apige simu. Kuanzia hapo ni jambo la urafiki wa kawaida, tafakuri ikae pembeni.

La sita ni tarehe ya kumaliza. Makubaliano yasiyo na mwisho humalizika kwa kutoroka. Yetu hudumu majuma 8, kisha tunaulizana kama tunaendelea, na mtu anaruhusiwa kusema hapana bila maelezo.

Kuna swali ambalo rafiki yangu aliniuliza hapa, nami nalijibu kwa ukali kidogo: je, programu za simu zinazohesabu siku mfululizo haziwezi kufanya kazi hii? Haziwezi, na ningezifuta. Hesabu inapofika siku 112, mtu huanza kuilinda hesabu badala ya kuketi; siku inaporudi sifuri, huona kwamba amepoteza yote 112, jambo ambalo si kweli hata kidogo, na matokeo ya Lally niliyoyataja yanaonyesha hivyo. Tumia kalenda ya karatasi na nukta ya kalamu. Nukta zikikosekana mahali fulani, zilizotangulia hazifutiki.

Hatua ya 5: Ketini pamoja mara moja kwa juma

Mkiwa karibu, kutaneni. Mkiwa mbali, tumieni simu ya video, mkiwa mmesalimiana kwa maneno machache na kuweka mazungumzo yote baada ya kikao.

Kuna tatizo la kiufundi lililonisumbua mpaka nikadhani kwamba simu yangu imeharibika. Mwenza wangu alikuwa akigonga kengele ndogo ya shaba kuanza na kumaliza, nami sikuisikia. Niliona mkono wake ukisogea tu. Programu nyingi za mazungumzo ya video huchuja sauti zisizofanana na usemi wa binadamu, na mlio mrefu wa kengele huchukuliwa kuwa kelele, ukazimwa. Tafuteni katika mipangilio ya sauti sehemu ya kupunguza kelele na muizime kwa upande wa anayegonga, au, kwa urahisi zaidi, kila mmoja aweke kipima muda chake na vipaza sauti vizimwe. Zimeni pia arifa. Baada ya majaribio yote hayo, sisi tumeamua kwamba anayeanzisha kikao aseme "Tuanze" na, muda ukiisha, "Tumemaliza". Programu haijawahi kuyachuja.

Hatua ya 6: Wajulishe mnaoishi pamoja

Waambie ni lini na kwa dakika ngapi. Wasiombwe kunyamaza, waombwe tu wasikuite.

Hatua ya 7: Tenganisha mambo ya mwenza na mambo ya mwalimu au daktari

Mwenza wako ni shahidi wa kuketi kwako. Akili kutangatanga, miguu kufa ganzi, uchovu na shaka kama jambo hili lina faida ni mambo ya kawaida. Uvivu wa akili, wahaka na shaka vimo katika orodha ya kale ya Kibudha ya vizuizi vitano, kwa hiyo hukuwa wa kwanza kuvipata. Lakini wapo watu ambao kuketi kimya huwafufulia kumbukumbu za matukio mabaya, huwaondolea usingizi kwa siku kadhaa au huwatia hofu isiyokoma. Mtu wa namna hiyo apunguze muda au asimame kwanza, na amwone mwalimu mwenye uzoefu au mtaalamu wa afya ya akili. Mwenza asimtie moyo aendelee. Sisi tumeliandika hili katika makubaliano ili pasiwe na anayeona kwamba kusimama ni kushindwa.

Hatua ya 8: Rudi kwa muda mfupi kuliko ule ulioachia

Safari, ugonjwa au msiba utakatisha mazoea yako siku moja, pengine kwa mwezi mzima. Kosa la kawaida ni kurudi kwa kishindo, dakika 40 za kufidia, kisha kuacha tena kesho yake. Mtumie mwenza wako ujumbe kabla ya kuketi, si baada, ukisema tu kwamba leo unarudi, na uketi nusu ya muda uliouzoea kwa juma zima. Rafiki yangu aliugua katika juma la tatu na akakaa siku 9 bila kuketi, akituma "Leo sikuketi" kila jioni. Siku ya 10 ujumbe wake ulisema: "Nimeketi. Dakika 3." Mwenza wake akajibu: "Nimepokea."