Yoga nidra kwa anayeanza: unalala chali alafu unakutana na hasira zako

Ukisema yoga watu wanawaza kujikunja mguu mpaka shingoni, sasa yoga nidra, yaani usingizi wa yoga, haina hata pozi moja la kukutoa jasho, unalala tu na kusikiliza maelekezo. Hatua zake zilipangwa India na Swami Satyananda Saraswati, yule aliyeanzisha Bihar School of Yoga kule Munger miaka ya 1960, alichota kwenye tantra, desturi ya zamani ya kiroho ya India. Tenga dakika 20 hadi 40 na utafute rekodi ya mtu anayekuongoza kwa sauti isiyokukera, maana sauti ya kuigiza utulivu inaharibu kila kitu.

Lala chali, miguu iachane kidogo, viganja viangalie juu. Jifunike shuka maana mwili ukitulia unapoa, na kama kiuno kinasumbua weka mto chini ya magoti. Kisha sema kimoyomoyo azimio lako, watu wa yoga wanaita sankalpa, sentensi moja fupi mara tatu. "Naweza kukaa na huzuni yangu" inafaa kuliko "sitaki kulia tena".

Baada ya hapo unapitisha akili mwilini: gumba la kulia, kidole cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho, kiganja, kiwiko, unaenda hivyo upande wote wa kulia alafu kushoto. Usisogeze kitu, kitaje tu na uhame, tena chapchap ili akili isipate muda wa kuzurura. Alafu hesabu pumzi kurudi nyuma kutoka 27, ukipotea anza upya wala usijilaumu.

Sasa inakuja sehemu ambayo wengi wanairuka na mi naona ndo dawa yenyewe, yaani hisia pinzani. Unaita hisia ya uzito mwili mzima, alafu wepesi. Baridi, alafu joto. Ukishazoea ndo unaita hasira, na uanze na kitu kidogo, mfano mtu aliyekujibu ovyo jana, sio jeraha la utotoni. Angalia imekaa wapi: taya zimekaza? koo? kifua kinabana? Kaa nayo pumzi chache bila kujieleza nani alikosea, alafu ita utulivu, alafu rudi tena kwenye hasira, ukienda na kurudi hivyo unaanza kuona hisia inakuja na kuondoka na kuna wewe unayeziona zote mbili. Huyo anayeona wanamwita sakshi, shahidi, na kujitambua kunakotangazwa kwa mbwembwe nyingi kunaanzia hapohapo.

Kama kuna jambo zito limekupata na picha zikaanza kukuvamia, usikaze. Fumbua macho, chezesha vidole, kaa kitako, na hilo lipeleke kwa mshauri nasaha. Na kama unatumia dawa za sonona usiziache kisa umeanza hii.

Ukiwa unapitiwa na usingizi kila mara, egemeza kiwiko chini mkono usimame wima, ukisinzia mkono utaanguka na kukuamsha.

Kumaliza, rudia sankalpa mara tatu, sikiliza sauti za nje, geukia ubavu wa kulia kwanza ndo uinuke, ukikurupuka utapata kizunguzungu. Na simu iache kidogo.